Saini ya Kidijitali Kaptagat: Kinacholipiwa ni Nini Hasa?

Alhamisi ni siku ya mbio ndefu Kaptagat. Kabla jua halijachomoza juu ya msitu, makundi ya wakimbiaji huwa yako barabarani, wengine wakienda kilomita 30, wengine 40, katika hewa nyepesi ya mwinuko wa karibu mita 2,400. Ni siku mbaya ya kupokea barua pepe yenye mkataba wa kurasa kumi na mbili na ombi fupi mwishoni: tia saini, urudishe leo.

Njia ambayo wengi wameizoea inachosha kuliko mazoezi yenyewe. Mkimbiaji anaoga, anapanda matatu hadi Eldoret, mwendo wa takriban kilomita 30, anaingia saiba na kungoja zamu yake. Mkataba unaprintiwa ukurasa kwa ukurasa. Anatia saini kwa kalamu ya kuazima, kurasa zinaskaniwa, kisha zinatumwa kulekule zilikotoka. Faili lilizaliwa kwenye kompyuta na limerudi kwenye kompyuta. Katikati zimeliwa karatasi, nauli na nusu siku ya kupumzisha miguu.

Mtu anayechoshwa na safari hiyo huambiwa dawa yake ni programu ya kulipia kwa dola kila mwezi. Watu wa Kaptagat wengi hukwama hapo, kati ya nauli na dola, nao si wakimbiaji peke yao. Mkulima wa viazi anahitaji saini kwenye mkataba wa kuuza mazao. Katibu wa chama anawafuata wanachama kumi na wawili ili kumbukumbu za mkutano zikubaliwe na benki. Mzazi ana fomu ya basari, mwalimu ana fomu ya likizo, ndugu aliye Doha ana idhini anayotakiwa kuituma nyumbani.

Jibu fupi ni kwamba nyaraka nyingi za namna hiyo zinaweza kutiwa saini bila kununua programu yoyote, na sheria ya Kenya haina ugomvi na jambo hilo. Jibu refu lina faida zaidi, kwa sababu hati hazilingani uzito, na kwa sababu kinachoipa saini nguvu mbele ya hakimu hakiuzwi dukani.

Mikataba isiyo na wino

Wakenya wametia saini bila kalamu kwa miaka mingi, ila hawakuiita saini. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, namba ya siri ilichukua nafasi ya fomu ya kutolea fedha. Mwishoni mwa 2012 ikaja M-Shwari, na mwaka 2019 Fuliza. Anayekopa kwa huduma hizo haandiki jina lake popote. Anakubali masharti, anaingiza namba ya siri, na deni linamfunga kama lililoandikwa mbele ya meneja wa benki.

Wanariadha wana mfano mwingine, mkali zaidi. Mkimbiaji aliyewekwa kwenye orodha ya wanaopimwa nje ya mashindano hujaza kila robo mwaka, kupitia mfumo wa ADAMS wa shirika la dunia la kupambana na dawa za kusisimua misuli, WADA, taarifa za mahali atakapolala, atakapofanyia mazoezi, na dakika 60 za kila siku ambazo ni lazima apatikane. Makosa matatu ndani ya miezi 12 yanaweza kumfungia nje ya riadha kwa muda mrefu. Tamko zito kama hilo, lenye uwezo wa kumaliza riziki ya mtu, hujazwa kwenye simu akiwa ameketi kitandani kambini. Mtu anayelijaza hana sababu ya kuamini kwamba mkataba wa kuvaa viatu vya kampuni fulani hauwezi kukubaliwa bila wino.

Sheria haikutaja programu

Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ilipitishwa mwaka 1998. Marekebisho ya mwaka 2009 yaliiongezea sehemu nzima kuhusu miamala ya kielektroniki, na humo kifungu cha 83J kinasema kwamba pendekezo la mkataba na kukubaliwa kwake vinaweza kuelezwa kwa ujumbe wa kielektroniki, isipokuwa wahusika wenyewe wamepatana vinginevyo. Kwa makubaliano ya kawaida, basi, barua pepe inayosema “nimesoma, nakubali” tayari ina uzito.

Sheria hiyohiyo inaeleza saini ya kielektroniki ya daraja la juu kwa sifa nne. Iwe imefungamana na mtu mmoja tu. Iweze kumtambulisha mtu huyo. Itengenezwe kwa njia ambayo yeye peke yake anaweza kuidhibiti. Na iunganishwe na hati kwa namna ambayo badiliko lolote la baadaye litaonekana. Hakuna jina la kampuni humo, wala bei. Bunge lilitaja matokeo yanayotakiwa, likaacha njia za kuyafikia wazi.

Machi 2020, mwezi uleule Kenya ilipotangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona, ilianza kutumika Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Biashara. Iligusa sheria kadhaa za zamani, ikiwemo Sheria ya Mikataba, ili neno “kutia saini” libebe pia saini ya kielektroniki ya daraja la juu. Julai mwaka huohuo mahakama za Nairobi zikaanza kupokea kesi kwa njia ya mtandao. Majirani nao hawako nyuma: Uganda ilitunga Sheria ya Saini za Kielektroniki mwaka 2011, na Tanzania Sheria ya Miamala ya Kielektroniki mwaka 2015.

Jambo hili lina maana ya pekee Kaptagat, kwa kuwa mikataba ya riadha huvuka mipaka. Kampuni ya Global Sports Communication, ambayo kambi yake ya hapa imewalea Eliud Kipchoge na Faith Kipyegon chini ya kocha Patrick Sang, ina makao yake Nijmegen, Uholanzi. Uholanzi imo katika Umoja wa Ulaya, na kanuni namba 910 ya umoja huo ya mwaka 2014, iliyoanza kutumika kwa saini Julai 2016, inakataza saini kunyimwa nguvu ya kisheria kwa sababu tu ni ya kielektroniki. Marekani ilipitisha sheria ya mwelekeo huohuo mwaka 2000. Kwa hiyo kikwazo kikubwa hakiko kwenye vitabu vya sheria vya nchi yoyote kati ya hizo.

Ngazi tatu

Njia za kutia saini bila gharama ziko katika ngazi tatu, na kosa la watu wengi ni kudhani ni kitu kimoja.

Ngazi ya chini ni picha. Mtu anachora jina lake kwa kidole kwenye kioo cha simu, au anapiga picha saini aliyoiandika kwenye karatasi nyeupe, kisha anaibandika mahali panapotakiwa. Acrobat Reader, programu ya bure ya Adobe, inafanya hivyo kwenye simu za Android. iPhone ina kalamu yake ndani ya simu yenyewe, na kompyuta za Apple zinaweza kuisoma saini iliyoshikwa mbele ya kamera. Kivinjari cha Firefox kiliongeza uwezo wa kuandika na kuchora juu ya PDF tangu toleo la 106, Oktoba 2022. Kwenye kompyuta ya Linux ipo Xournal++. Zote hizi ni bure, na kazi inaisha chini ya dakika tano.

Wingi wa zana hizo una sababu. Adobe ilitoa mfumo wa PDF mwaka 1993 ukiwa mali yake, lakini mwaka 2008 ukawa kiwango cha kimataifa kinachosimamiwa na ISO. Tangu hapo yeyote anaweza kutengeneza programu ya kuusoma na kuuandika bila kuomba ruhusa. Anayeuza programu ya PDF leo anauza urahisi na huduma, si mlango wa kuingilia.

Udhaifu wa picha ni kwamba inanakilika. Aliyeipata mara moja anaweza kuibandika kwenye hati nyingine hamsini. Hata hivyo, udhaifu huo ni wa karatasi iliyoskaniwa saiba pia: saini iliyo kwenye skani ni picha vilevile, tena iliyopitia mikono ya watu wengi zaidi. Kinachoibeba picha ni ushahidi unaoizunguka, yaani barua pepe iliyoileta, anwani iliyotumwa kutoka kwayo, saa, na mazungumzo ya kabla na baada yake.

Ngazi ya kati hukusanya ushahidi huo kwa utaratibu. Huduma kama Docusign, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2003, hupeleka kiungo kwa kila mhusika, huandika nani alifungua hati, lini na kutoka anwani gani ya mtandao, kisha hufunga hati pamoja na kumbukumbu hiyo. Malipo ya kila mwezi yanayolalamikiwa ni ya kazi hiyo. Lakini zipo programu huria zinazofanya kazi ya aina hiyo, kama Documenso na DocuSeal, ambazo taasisi inaweza kuziweka kwenye seva yake yenyewe. Chama cha ushirika chenye kijana mmoja anayeielewa kompyuta kinaweza kuwahudumia wanachama wake wote kwa gharama ya seva ndogo. Kwa anayetia saini mara moja moja hakuna haja hata ya hiyo: anayetaka saini mara nyingi ndiye anayelipia huduma, na anayetia saini hufungua kiungo tu bila kutozwa.

Ngazi ya juu ni ya hesabu, na haina uhusiano wowote na mwandiko. Programu huipitia hati nzima na kuifupisha kuwa namba moja ndefu. Kwa kanuni inayotumika sana, SHA-256, namba hiyo huandikwa kwa herufi na tarakimu 64. Ukibadilisha nukta moja ndani ya mkataba, au ukigeuza 15 kuwa 50, namba yote inakuwa nyingine. Kisha muhtasari huo unafungwa kwa ufunguo wa siri alio nao mtia saini peke yake, na yeyote anaweza kuuhakiki kwa ufunguo wa umma unaoandamana nao. Misingi ya funguo mbili za namna hii ilichapishwa na Whitfield Diffie na Martin Hellman mwaka 1976. Si siri ya kampuni yoyote.

LibreOffice, Okular na JSignPdf, zote za bure, zinatia saini ya aina hiyo kwenye PDF. Kinachoweza kugharimu ni cheti, yaani hati ya kidijitali inayosema kwamba ufunguo huu ni wa mtu huyu. Mtu anaweza kujitengenezea cheti bila malipo kwa programu ya OpenSSL. Cheti hicho kitathibitisha kwamba hati haijaguswa, lakini hakitamthibitishia mgeni kwamba mwenye ufunguo ni nani. Ni sawa na mtu kujiandikia mwenyewe barua ya utambulisho badala ya kuandikiwa na chifu. Nchini Kenya kazi ya kutoa vyeti hivyo inahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Wakili wa upande wa pili akitaka kuipinga saini ya cheti cha kujitengenezea, hoja yake ya kwanza itakuwa hiyo.

Bei si ulinzi

Februari 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr, Bochum, Ujerumani, walitangaza kwamba walijaribu programu 22 za kompyuta zinazohakiki saini za PDF. Katika 21 kati ya hizo waliweza kubadilisha maandishi ya hati iliyokwisha kutiwa saini, na programu ikaendelea kuonyesha kwamba saini ni sahihi. Miongoni mwa zilizodanganywa zilikuwamo za kulipia na za bure. Watengenezaji waliarifiwa mapema, wakaziba mianya hiyo. Somo la Bochum kwa mtumiaji ni dogo na la vitendo: programu iliyosasishwa mwezi huu ina usalama kuliko ya gharama kubwa iliyonakiliwa kwa wizi na kukaa miaka mitano bila kuguswa, nazo za namna hiyo hazikosekani kwenye kompyuta za saiba.

Mahakama nayo haiulizi bei. Sheria ya Ushahidi, katika kifungu cha 78A kilichoongezwa mwaka 2014, inamtaka hakimu aangalie jinsi kumbukumbu ya kielektroniki ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na jinsi aliyeianzisha alivyotambuliwa. Kifungu cha 106B kinahitaji cheti cha maandishi kinachoeleza kifaa na namna nakala ilivyotolewa. Mwenye barua pepe za asili, simu yenyewe na faili lisilobadilishwa jina mara nne ana kesi nzuri. Mwenye picha ya skrini ya picha ya skrini ana kazi ngumu, hata kama saini ilitiwa kwa programu ya dola mia.

Panapohitaji kalamu bado

Kuna hati ambazo ni upotevu wa muda kuzitafutia njia ya simu. Kifungu cha 83B cha sheria ya mawasiliano kinaondoa mambo matatu: wosia, hati za fedha zinazohamishika kama cheki, na hati za umiliki. Wosia ulioandikwa kwenye simu na kubandikwa saini ya kidole unaweza kuiachia familia ugomvi badala ya urithi.

Ardhi ndiyo inayowagusa watu wa hapa zaidi, kwa kuwa zawadi za mbio nyingi huishia kuwa ekari. Sheria ya Mikataba, kifungu cha 3, inataka mauzo ya ardhi yawe ya maandishi, yatiwe saini na pande zote, na kila saini ishuhudiwe na mtu aliyekuwepo ilipotiwa. Marekebisho ya 2020 yameruhusu saini ya daraja la juu, lakini sharti la shahidi liko palepale. Mashamba ya Kaptagat ni ya kilimo, kwa hiyo inahitajika pia idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, na ardhi ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Mfumo wa mtandaoni wa huduma za ardhi, Ardhisasa, uliozinduliwa Aprili 2021, ulianza na Nairobi. Anayenunua shamba hapa na aende kwa wakili, kwa miguu yake, pamoja na muuzaji. Hati za kiapo nazo huapwa mbele ya kamishna wa viapo. Safari ya Eldoret kwa kazi hizo ni ya haki.

Simu ya nani?

Kati ya zile sifa nne za sheria, ya tatu ndiyo inayovunjika haraka zaidi mashambani: njia ambayo mtia saini peke yake anaidhibiti. Simu ya mkimbiaji aliye mazoezini hubaki na mwenzake wa chumba. Namba yake ya siri inajulikana na kaka anayemtumia fedha nyumbani. Barua pepe yake ilifunguliwa na kijana wa saiba, ambaye ndiye aliyechagua nywila, na pengine bado anaikumbuka. Nakala ya kitambulisho na picha ya saini vimelala kwenye kompyuta ambayo watu arobaini huitumia kwa siku. Hakuna programu, ya bure wala ya kulipia, inayoweza kuiponya hali hiyo. Ikitokea kesi, swali “nani alibonyeza?” litakosa jibu.

Suala la nani anashika alama ya mtu lina historia hapa. Sheria ya uandikishaji ya serikali ya kikoloni ya mwaka 1915, iliyotekelezwa kwa ukali baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, iliwalazimisha wanaume Waafrika kubeba kipande chenye alama za vidole vyao. Mwenye kidole hakuwa na usemi. Saini iliyokuwa na nguvu ilikuwa ya mwajiri, mara nyingi mlowezi mwenye shamba katika nyanda kama hizi za Uasin Gishu, ambaye bila yeye mfanyakazi hakuweza kuhama. Simu imerudisha saini mkononi mwa mwenye jina, mradi asiikabidhi tena.

Urahisi pia una hatari yake. Safari ya kwenda Eldoret, pamoja na karaha zote, ilimpa mtu saa mbili za kufikiri na nafasi ya kumpigia simu mtu anayekielewa Kiingereza cha mikataba. Kiungo kinachosema “bonyeza hapa” kinaondoa pumziko hilo. Kijana wa miaka 17 aliyeshinda mbio za shule hapaswi kubanwa na mkataba wa miaka mingi alioubonyeza usiku; umri wa utu uzima kisheria ni miaka 18, na hakuna teknolojia inayoupunguza. Mkataba unaodaiwa lazima urudi leo unastahili kusomwa kesho.

Kwa jumla, hukumu ni hii. Kwa makubaliano ya kawaida, ridhaa, fomu za shule, mikataba midogo ya mazao na kumbukumbu za chama, saini ya kidole kwenye simu pamoja na barua pepe iliyohifadhiwa inatosha. Kwa mkataba mkubwa wa riadha au wa biashara, huduma yenye kumbukumbu au saini ya cheti kutoka kwa mwenye leseni ina thamani, na anayeuandaa mkataba ndiye anayepaswa kuigharimia. Kwa ardhi, wosia na kiapo, kalamu.

Kinachobaki hakiko kwa mtia saini. Mkimbiaji anaweza kujua yote haya, akafanya kila kitu sawasawa, kisha karani akamrudishia hati kwa sababu “haina wino”. Kambi, shule, vyama vya ushirika na vikundi vya akiba vya Kaptagat vinaweza kulimaliza hilo kwa kuongeza sentensi moja chini ya fomu zao: kwamba saini iliyotiwa kwa simu na kutumwa kutoka anwani iliyosajiliwa na taasisi itapokelewa sawa na ya kalamu. Sheria inawaachia wahusika kupatana hivyo. Sentensi hiyo na iandikwe kwenye mkutano ujao, na katibu aipeleke kwa wanachama waitie saini wakiwa nyumbani.